Fomu ya ICOPE kwa wazee wa Moshi: inafaa, ila isijazwe kwa haraka

Mwongozo wa ICOPE, yaani huduma jumuishi kwa wazee, ulitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, pamoja na programu ya simu isiyolipiwa. Fomu yake ya uchunguzi wa awali inamchunguza mzee katika mambo sita: kumbukumbu, mwendo, lishe, macho, masikio na huzuni. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepanda Kibosho au Old Moshi anaimudu vizuri, maana inahitaji kiti, saa na utulivu.

Kipimo cha kiti ndicho tunachokikubali zaidi. Mzee anakunja mikono kifuani, anasimama na kukaa mara 5 bila kushika chochote. Akishindwa, au akipita sekunde 14, achunguzwe zaidi. Wengi wanaharibu hapa. Kigoda cha jikoni ni kifupi mno, kochi la sebuleni linadidimia, na vyote viwili vinamfanya mtu mzima wa afya aonekane dhaifu. Tafuta kiti cha mbao kisicho na mikono, kimo cha sentimita 45 hivi, mgongo wake uegemee ukuta. Ndala avue. Akisikia kizunguzungu au maumivu, simamisha hapo hapo.

Upande wa kumbukumbu, mzee anapewa maneno matatu ayakumbuke, kisha anaulizwa tarehe na mahali alipo. Swali la tarehe linawaonea wengi. Bibi wa kihambani anaweza kukosa tarehe na bado anajua siku ya soko na zamu yake ya jumuiya. Kwa wasiosoma, ongeza kipimo cha IDEA, cha kuchunguza ugonjwa wa kusahau kwa wazee wa Afrika, kilichofanyiwa kazi wilayani Hai, jirani zetu: mzee anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, hashiki kalamu.

Kwenye lishe anaulizwa kama amepungua zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi 3. Nyumba nyingi hazina mizani, basi uliza kama nguo au mkanda vimelegea, kisha uliza hamu ya kula. Masikio yanapimwa kwa mnong'ono: simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, ziba sikio la pili, nong'ona maneno manne yasiyohusiana. Karibu na barabara ya daladala, kipimo hiki hakina maana.

Maswali ya huzuni na kukosa raha katika wiki 2 zilizopita yaulizwe faraghani, baada ya shikamoo na mazungumzo kidogo. Mkwe akiwa amekaa pembeni, jibu ni "namshukuru Mungu" basi.

Udhaifu mkubwa uko kwenye matumizi. Nani anampikia, nani anamtekea maji, anataka tena kufanya nini: hayo yako kwenye hatua za mbele za mwongozo, na ndiyo yanayorukwa. Bila hayo, bibi mwenye magoti mabovu anaambiwa "fanya mazoezi" na kurudishwa kwenye njia ile ile ya utelezi.

Kabla ya kuanza, andaa orodha ya rufaa: nani aende hospitali ya Mawenzi, nani kitengo cha macho KCMC, nauli itatoka wapi. Mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo aulizwe mapema kama ana kitambulisho cha matibabu ya wazee. Kama hana, mwenyekiti wa kijiji au mtaa ahusishwe siku hiyo hiyo.