Mbolea ya majani ya "kushusha asidi": tathmini baada ya wiki nane shambani Pongwe

Mwezi Machi, kabla masika hayajakolea, nilinunua katika duka moja la pembejeo huko Ngamiani, jijini Tanga, chupa ya lita moja ya mbolea ya majani, yaani ya kunyunyizia kwenye majani, iliyofungwa pamoja na karatasi za kupimia asidi. Lebo inadai kwamba mmea ambao utomvu wake una pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi huwa nyingi zaidi) chini ya 6.4 umejikaribishia ukungu, na kwamba mbolea hiyo huipandisha pH hadi kiwango salama na kuua kuvu.

Nianze na karatasi, maana ndizo zilizonikatisha tamaa mapema. Rangi zake hubadilika kwa hatua za nusu, 5.5, 6.0, 6.5, ilhali jedwali la lebo linamtaka mkulima atofautishe 6.2 na 6.4. Hata hivyo kasoro kubwa zaidi iko katika kipimo chenyewe: ukiliponda jani na kulikamua, unachanganya majimaji ambayo mmea ulikuwa umeyatenga. Ute wa seli hukaa karibu na pH 7.2 hadi 7.5; kifuko kikubwa cha katikati, yaani vakuoli, huwa karibu na 5.5, na majimaji ya kwenye kuta za seli, ambako kuvu wengi hupita kwanza, kwa kawaida huwa kati ya 5 na 6. Kwa kuwa vakuoli ndiyo inayojaza sehemu kubwa ya seli, tarakimu unayoisoma ni yake zaidi, wala haikuelezi lolote kuhusu mlango anaoingilia adui.

Dai la kwamba asidi ndiyo inayoita ukungu nalo halisimami. Anayenunua machungwa ya Muheza anaufahamu ukungu wa kijani unaoozesha tunda lenye uchachu mwingi. Kuvu wake, Penicillium digitatum, huongeza asidi mahali anaposhambulia. Kuvu wa chule (ugonjwa wa madoa meusi yaliyodidimia kwenye matunda), Colletotrichum, hufanya kinyume: hutoa amonia, hupunguza asidi ya tunda, na hapo vimeng'enya vyake, yaani protini zinazovunjavunja vitu, hupata nafasi ya kuikata pektini inayoshikamanisha seli. Kwa mkulima mwenye chule, basi, kupandisha pH, kama kweli kungewezekana kwa kunyunyizia, kungeweza kumsaidia adui.

Shambani nilinyunyizia matuta mawili ya nyanya na kuyaacha mengine mawili. Bakajani tangulia, ugonjwa wa kuvu unaoleta mabaka kwenye majani, iliingia kwenye yote manne, ikianzia majani ya chini kama kawaida yake, na sikuona tofauti. Kilichoipunguza kasi ni kukata majani yanayogusa udongo, kutandaza nyasi kavu na kumwagilia shinani asubuhi badala ya kurusha maji juu jioni. Nyanya zilizooza kitako zilikuwa chache kidogo kwenye matuta yaliyonyunyiziwa, jambo linaloeleweka kwa sababu mbolea ina kalsiamu, na kalsiamu huimarisha pektini ya ukuta wa seli. Lakini matuta mawili hayatoshi kuthibitisha kitu.

Kuhusu huduma, muuzaji ni kijana muungwana, alinionyesha kwa subira namna ya kuchanganya na hakunisukuma kununua zaidi. Nilipomwomba namba ya usajili, hakuwa nayo. Mbolea nchini husajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), na chochote kinachodai kuua kuvu huhesabiwa kuwa kiuatilifu, hivyo huhitaji usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Lebo hii haina namba ya mamlaka yoyote kati ya hizo, na kwangu hilo ni zito kuliko kasoro za karatasi.

Simshauri mtu ainunue kama dawa ya ukungu. Nusu chupa iliyobaki haitarudi kwenye mazao yangu, na zile karatasi nimempa mwanangu apimie maji ya kisima.