Fundi baskeli wa Mwanakwerekwe aliyetutayarishia safari ya Nungwi

Kama kundi lenu lina nia ya kutoka mjini Unguja kwenda Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, kwa baskeli katika joto hili la kaskazi, zipelekeni kwanza kwa mzee mmoja anayefanya kazi nyuma ya soko la Mwanakwerekwe, chini ya mkungu. Hana kibao. Ulizeni "fundi wa mkunguni" mtaonyeshwa. Sisi ni walimu wa skuli na jamaa zetu, wake kwa waume, na tulimpelekea baskeli zetu zote kabla ya safari ya sikukuu ya Mapinduzi: Phoenix za zamani, za gia za mtumba, na moja ya mtoto wa kidato cha nne aliyetubembeleza mpaka tukamchukua.

Nilichompendea ni kwamba anauliza kabla ya kushika spana. Mnatoka saa ngapi? Nani anapakia mzigo kwenye keria? Nani atavaa baibui? Nilipomwambia tunakwenda na kurudi siku moja, aliweka chini tairi aliyokuwa nayo mkononi.

"Mwanangu, kwenda si kazi. Kazi iko kwenye kurudi."

"Lakini ami, kurudi si tutakuwa na upepo nyuma?"

"Ndiyo hiyo kazi yenyewe."

Ana haki. Mjini mpaka Nungwi ni kilomita kama 60, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki. Wakati wa kwenda unaupokea usoni. Miguu inachoka, lakini jasho linakauka na mwili unapoa. Wakati wa kurudi unakwenda nao njia moja, karibu mwendo mmoja, kwa hivyo huusikii. Jasho linakutiririka tu na joto halina pa kutokea. Halafu minazi na miembe ya Bububu na Mahonda iko mbali. Kule juu, kuanzia Kinyasini kwenda Nungwi, kivuli ni kidogo na ardhi ni ya maweni. Kwa shauri lake tukapanga kutoka tukishasali Alfajiri, tukae Nungwi jua la utosi lote lipite, tuondoke baada ya Alasiri. Januari jua linazama kabla ya saa moja, maana yake sehemu ya mwisho ni kiza. Basi akakataa kumkabidhi yeyote baskeli yake mpaka taa ya mbele na ya nyuma ziwake.

Kwenye mipira ndiko alikotumia muda mwingi. Kila kiraka cha zamani alikibandua, kwa sababu kiraka kilichobandikwa kwa haraka huachia gundi ikipata moto wa lami. Anapiga msasa, anapaka solusheni, halafu anangoja. Anangoja kweli, mpaka akigusa kwa kidole haishiki tena, ndipo anabandika na kukandamiza. Nimeshaona mafundi wanaobandika ikiwa bado majimaji, ukifika Mtoni umeshapata pancha. Kuhusu upepo wa kujaza mipira, alitusomesha tutazame nambari iliyoandikwa ubavuni mwa tairi na tusiivuke, na kwa tairi iliyochakaa tubaki chini yake kidogo, kwani hewa hutanuka baskeli ikiachwa juani. Minyororo aliiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha, akatia oili tone tone kwenye viungo, kisha akaifuta kwa nje. Oili ya nje haifanyi kazi yoyote ila kukusanya mchanga, na Nungwi mchanga ni mwingi.

Sisi wanawake alitufanyia jambo ambalo sijaliona kwa fundi mwengine. Alichukua kipande cha wavu wa kuvulia akakivuta kutoka kwenye madigadi ya nyuma mpaka karibu na ekseli, pande zote mbili, kikakaza vizuri. Baibui haliingii kwenye spoku hata upepo ukipiga ubavuni. Nimeendesha njia nzima bila ya kushika nguo kwa mkono mmoja, na mikono yote miwili ilikuwa kwenye breki panapostahiki. Dada zangu mnaoogopa safari ndefu kwa sababu ya nguo, hili peke yake linatosha kuwapeleka kwake.

Vishikio vya chupa pia alivikunja mwenyewe kwa waya mnene. Ndani ya chupa tulitia maji ya chumvi na sukari kama tunavyofundishwa vituo vya afya: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta. Madafu tulikunywa pia, lakini dafu lina chumvi kidogo, kwa hivyo mtu anayetoka jasho siku nzima asilitegemee peke yake. Na tulikubaliana mapema kwamba mmoja wetu akianza kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka, safari imesimama: kivulini, amwagiwe maji, apepewe, itafutwe gari ya hospitali. Alhamdulillahi halikutokea.

Njiani tulipata pancha moja, ya msumari, Mahonda. Viraka vyake havikuachia hata kimoja.

Yako mambo ya kurekebisha. Hapokei miadi kwa simu. Unakwenda na kungoja, na wiki ya sikukuu baskeli yako inaweza kulala kwake. Vipuri vya gia hana, itabidi mkazunguke Darajani wenyewe kisha mumpelekee. Mipira ya ndani anayouza ni ya bei nafuu na mmoja ulivuja kwenye shina la valvu siku ya majaribio. Aliubadilisha bila ya maneno, lakini ningependa aweke na ile mizito, hata kama ni ghali.

Tulilipa shilingi 15,000 kwa kila baskeli, vifaa mbali, na wavu alitutilia bure. Mpelekeeni wiki mbili kabla, mpate na nafasi ya kuzijaribu mchana wa jua. Ijumaa anafunga kabla ya sala na harudi mpaka kesho yake.