Kipimo cha HER2: huduma nzuri ila majibu, mh!

Jamani niwape mrejesho. Mama mdogo alikutwa na saratani ya titi, dokta akasema kinyama kikapimwe HER2, yaani ile jeni ya ERBB2 iliyoko kwenye kromosomu ya 17, inatengeneza kipokezi kinachokaa juu ya seli na kuiambia ikue, sasa jeni ikijizidisha nakala seli inaambiwa kua kua kua bila kupumzika. Maabara yenyewe (jina naliacha) mapokezi safi, dada akatuonyesha hadi kile kinyama kimegandishwa kwenye nta ndani ya kikasha cha plastiki, kana kwamba kipande cha mshumaa. Ila majibu sasa! Tuliambiwa wiki moja ikawa tatu, simu hawapokei. Yakaja na alama ya 2+, nikajua ndo tumemaliza, kumbe 2+ ni katikati, si ndiyo si hapana, mpaka kipimo kingine kinaitwa FISH, wahesabu nakala za jeni, hela nyingine hiyo. Si wangesema mapema? 3+ ndo jibu la ndiyo, dokta anaweza kukuwekea trastuzumab, dawa ya kuzuia hicho kipokezi cha HER2, iliyoidhinishwa Marekani tangu 1998. Ripoti yao lakini inasomeka vizuri. Nyota 3. Mkienda ulizeni bei ya FISH palepale kaunta.