Maboksi ya msosi bila nyama yanayoletwa hosteli: kisamvu nyota tano, huduma nyota moja

Nimeyalipia wiki sita haya maboksi, elfu sitini kwa wiki, bumu lilipoingia tu nikajiunga. Jina la biashara silitaji sitaki kesi, ila wanachuo wa Dar wengi mshaliona tangazo lao.

Nianze na haki yao, msosi mtamu. Kisamvu cha karanga kile kilichopondwa kikalainika mpaka mafuta ya nazi yanaelea juu, dengu hazijachacha, bodaboda anafika saa saba kamili hata mvua ikinyesha.

Shida ni stika. Kila boksi juu ya mfuniko limebandikwa kalori, asubuhi 310, mchana 280, usiku 190, jumlisha unapata 780 na huo ndo mlo wa siku nzima wa binti mkubwa anayepanda ngazi ghorofa nne na kukesha na assignment, wakati mwanamke mzima anahitaji kama 2000 hivi. Mi hesabu hiyo sikuifanya mapema. Nilichofanya ni kuanza kusoma stika kabla sijafungua, af nikaanza kuacha wali, af ile 190 ya usiku namgawia jirani najisikia mshindi. Na kuna grupu lao, kila Ijumaa mnapiga picha mizani mnatuma, ukipungua unamwagiwa makofi, ukiongezeka kimyaaa.

Kiukweli mi kula kulikuwa kunanisumbua toka fom six, hawa hawajaniletea ugonjwa. Ila wamenipa pa kujifichia. Zamani nikikataa chakula rumeti wangu ananiandama, umekula nini, mbona umekonda. Sasa bethidei ya mtu kuku wanazunguka nasema tu "mi sili nyama", keki ikija "ina mayai", basi yameisha. Ukisema hujala watu wanakusumbua, ukisema huli nyama wanakuheshimu.

Na msinielewe vibaya, sio mboga zenye kosa. Huyo huyo rumeti ni Msabato, kwao nyama hawapiki toka yuko mdogo, na makande anayokula yule dada na parachichi zima pembeni utaihurumia sahani. Wahindi wa Kisutu nao wapo wasiogusa nyama vizazi na vizazi na samli wanamwaga. Hao wanakula bila nyama. Mi nilikuwa sili, basi. Kuna daktari Mmarekani anaitwa Steven Bratman, mwaka 1997 aliipa jina hali ya mtu kung'ang'ania chakula "safi" mpaka kinamtesa, othoreksia, nilivyosoma nikaona kama kaniandika mimi.

Wiki ya tano siku zangu hazijaja, nywele zinabaki kwenye kitana, nikaenda kupima wingi wa damu ikakutwa 9, yaani pungufu. Daktari mama mtu mzima hakunifokea. Akanambia mwanangu, vitamini B12 kwenye mimea huipati, lazima umeze tembe au vyakula vilivyoongezewa, na madini chuma ya maharage na mchicha yanaingia mwilini taratibu, kamulia ndimu na chai usinywe na chakula, subiri kwanza. Af akaniuliza, "Ukila ukashiba unaogopa nini?" Nikalia pale pale. Sasa hivi naonana na mshauri nasaha kila Jumanne.

Niliporudi nikakichukua kipeperushi chao nikakisoma chote. B12 haipo hata mara moja. "Tumbo fleti" ipo mara tatu.

Kwa hiyo kama unakula vizuri tu na unataka kuachana kidogo na chipsi mayai, agiza, ila ongezea wali wako mwenyewe maana hakitakutosha. Kama na wewe chakula mnaogopana, pita mbali.

Kile kisamvu bado nakitamani jamani. Nikawatumia meseji kuuliza kama naweza kupata boksi la kisamvu tu, bila stika. Wakajibu stika zinabandikwa jikoni, haiwezekani. Hela ya wiki ya saba nimehamishia kwa mama ntilie wa getini, buku mbili wali maharage, anajaza mpaka unamwagika.