Taa ya UV au kichujio cha HEPA kwa chumba cha meno Tanga?

Ukifunga madirisha ili kiyoyozi kipoze chumba, ukungu wa mate na damu unaorushwa na drili hubaki ukielea.

Kichujio cha HEPA, yaani mashine inayovuta hewa na kunasa chembe ndogo sana, kina faida kubwa: hufanya kazi mgonjwa akiwa kitini. Hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ila mashine ilingane na chumba. Chumba cha mita 3 kwa 4, kimo mita 3, kina mita za ujazo 36. Mashine ya mita za ujazo 432 kwa saa huzungusha hewa hiyo mara 12, na huchukua dakika 23 hivi kuondoa asilimia 99 ya kilichoelea. Ukinunua ya nusu yake, ngoja 46. Iweke karibu na kichwa cha mgonjwa, si nyuma ya kabati.

Taa ya UV, yaani ya miale ya urujuanimno (ya nanomita 254) inayoua vijidudu, haina kichujio cha kubadilisha, na huua hata bakteria waliotua mezani. Penye kivuli haifiki. Huunguza macho na ngozi, kwa hiyo iwashwe chumba kikiwa kitupu. Unyevunyevu wa pwani huipunguzia makali, vumbi vilevile: ifute kwa spiriti ikiwa imezimwa na kupoa. Taa iliyochoka huendelea kuwaka buluu huku makali yake yamepungua, basi andika saa zake. Nyingi hubadilishwa kwenye 9,000.

Wagonjwa wakifuatana mfululizo, chukua kichujio. Ukiwa na wachache wenye nafasi katikati, taa inatosha. Umeme ukikatika, fungua madirisha pande zote mbili upepo wa bahari upite.