Kitalu cha miche ya asili, Tegeta, Dar es Salaam: nyota nne

Mtaani kwetu tunapanda msitu mdogo kwa njia ya Profesa Akira Miyawaki wa Japani: miti ya asili tupu, miche mitatu hadi minne kila mita ya mraba, ibanane na kugombea jua. Shida ni miche. Vitalu vingi vya barabarani vinakuuzia mwashoki na mwarobaini, ambayo kwao ni bara Hindi. Hapa nilipata mkongo, mvule, mpingo na mtondoo, na mama mwenye kitalu anakueleza kila mbegu iliokotwa wapi. Hilo peke yake linanirudisha kwake.

Nilichana kiriba (mfuko wa kuoteshea mche) cha mkongo mbele yake: mizizi imenyooka, ncha nyeupe, udongo umeshikana vizuri. Baadhi ya mivule ilikaa mno kwenye viriba, mizizi ikajiviringa chini. Akanibadilishia bila maneno mengi.

Nyota moja nimekata kwa usafiri. Gari lilikuja bila turubai, upepo ukakausha majani njia nzima. Miche ifunikwe, jamani!

Nendeni kabla masika hayajaanza. Matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, tafuteni wenyewe, pale hawauzi.