Fundi wa Nakuru aliyenifungia dikoda kwenye treni ya modeli: nyota moja, labda mbili

Hela zimeuma, lakini jibu lake ndilo limeniuma zaidi. Dikoda ni kile kibodi kidogo ndani ya injini ya modeli kinachopokea amri za kontrola na kuendesha mota. Namwonyesha injini palepale kaunta: ukiita hatua ya kwanza ya spidi inaganda, halafu inachupa mbele kama imepigwa teke. Yeye macho kwenye simu. "Mzee, hii si ni ya watoto kuchezea? Wewe ongeza spidi tu." Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko.

Niongeze spidi! Nenda kaangalie mabehewa yakipangwa yadi ya Nakuru, laini ya Kisumu inapoachana na ile ya Malaba. Injini kubwa zinatambaa. Modeli isiyoweza kutambaa haina kazi nyingine ila kuwekwa kabatini, na kwenye risiti fundi huyu aliandika mwenyewe kwamba analipwa kurekebisha "spidi ya chini".

Nilipoisoma dikoda kwenye reli ya kupangia programu, ujanja wake ukaonekana. CV ni mipangilio ya dikoda yenye namba. CV 2, inayoweka nguvu ya kuanzia, ameipandisha hadi 60. Kipimo chenyewe kinaishia 255, kwa hiyo ukigusa tu kontrola, karibu robo ya nguvu yote inamiminwa kwenye mota. Isiruke kwa nini? Kwa dikoda inayofuatilia mzunguko wa mota, CV 2 hukaa chini kabisa, mara nyingi kati ya 1 na 5. Kwanza unaweka CV 3 na CV 4 kuwa 0, kwa sababu hizo ndizo zinazochelewesha kuongeza na kupunguza mwendo na zitakudanganya. Unaita hatua ya 1 kati ya 128, unapandisha CV 2 moja moja hadi magurudumu yaanze kujivuta. Hapo hapo simama, urudishe CV 3 na 4. CV 6, nguvu ya katikati, iweke kama theluthi ya CV 5, nguvu ya juu kabisa, badala ya nusu, ili sehemu kubwa ya kontrola itumike kwenye mwendo wa polepole.

Sasa kwa nini alihitaji 60? Kwa sababu aliacha kile kikapasita cha kuzuia kelele za redio, kilicholehemiwa kati ya ncha mbili za mota. Dikoda ya aina hii hukata umeme kwa kitambo kidogo sana, tena na tena, ikapima volti ambayo mota inazalisha yenyewe ikizunguka, kisha ikaongeza au kupunguza nguvu. Kapasita inabaki na chaji na kuvuruga kipimo. Dikoda inadhani mota inazunguka kumbe imekwama, inapunguza, inashtuka, inaongeza kupita kiasi. Ndiyo ile mishtuko. Kuikata kwa plaisi ni kazi ya dakika moja! Nimeikata, nimerudisha CV 2 kuwa 3, injini ikaanza kutembea taruma kwa taruma bila kushtuka.

Halafu mafuta. Amepaka mafuta ya cherehani kila mahali, hadi kwenye magurudumu na kwenye shaba inayoguswa na brashi za mota. Mafuta kwenye gurudumu na vumbi la Nakuru yanazaa tope jeusi lisilopitisha umeme. Kwa kasi, injini inavuka doa kwa uzito wake. Polepole inafia hapo hapo. Safisha kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwa pamba ya masikio, na ile spiriti ya vidonda ya kemisti iache, maana mara nyingi imetiwa mafuta na inaacha utando. Tone moja kwenye kila ncha ya ekseli linatosha.

Haki yake nitampa, ingawa kwa shingo upande. Kulehemu anajua. Nyekundu na nyeusi zimeenda kwenye vikusanya umeme vya magurudumu, chungwa na kijivu kwenye mota, kila kiungo kimevikwa mpira. Nimepima kwa multimita kati ya brashi za mota na chasi: hakuna mguso hata kidogo. Hapo ndipo dikoda nyingi huungulia, na yake haikuungua. Basi nyota mbili.

Lakini huyo huyo alitaka kuniuzia kapasita kubwa ya kuvusha injini kwenye sehemu zenye uchafu, imeandikwa volti 16. Reli ina volti 15 hivi, na nyingine hupita hapo. Hiyo huchukuliwa ya volti 25, na upande wa chanya ukiukosea inapasuka. Namwondolea nyota moja.

Kama huna mkono wa kulehemu, mpelekee kazi ya waya tu. Kabla ya kutoka nyumbani, ijaribu injini kwa umeme wa kawaida wa DC wa volti 12 bila dikoda. Ikishtuka hapo pia, shida ni gia au uchafu na hakuna CV itakayoiponya. Ukifika, simamia ile kapasita ya kuzuia kelele ikatwe mbele ya macho yako, na chupa ya mafuta aiweke mbali. CV panga mwenyewe.